Tangawizi Aliyewika

Walikutana katika duka la vyakula vya mifugo, mji mmoja wa Iowa, Marekani, mwezi Machi, watu wakisukumana kuchagua vifaranga chini ya taa nyekundu za kuwapa joto. Marlys alivaa buti za mpira za njano. Verlin, fundi bomba, alikuwa na koti lililochanika mfuko.

"Chukua hawa sita, mrembo. Wote mitetea," Verlin alimwambia.

"Umejuaje?"

"Nina jicho."

Mji ulikataza kuku uani. Marlys aliwaficha wake bandani, Verlin peke yake akijua. Kiwanda alichofanyia kazi Marlys kilikuwa kimefungwa. Mayai watakayotaga ndiyo chakula alichotarajia kutegemea. Miezi mitano wakabisha hodi nyumba kwa nyumba, wakikusanya sahihi sheria ibadilishwe, wakiahidi: mitetea tu, jogoo hapana. Walipendana kwenye vibaraza vya watu.

"Mbona kuku wangu huyu, Tangawizi, ana upanga mkubwa hivi kichwani?"

"Anajipamba, mpenzi. Kama wewe."

Agosti, alfajiri ya siku ya madiwani kupigia kura sheria hiyo, Tangawizi akawika. Saa nne barua ya mji ikaja: tumearifiwa unafuga kuku, waondoe. Marlys akashika simu.

"Ni wewe tu uliyejua, Verlin."

"Nisikilize, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Umeniuza."

Akakata. Wasichana wasome vizuri hapa: hakuuliza hata swali moja.

Jioni, ukumbini, diwani akauliza, "Mliahidi hakuna jogoo. Aliyewika leo ni wa nani?"

Marlys akainamisha kichwa. Nyuma, Verlin akasimama, kofia mkononi. "Wangu. Mimi ndiye niliyemchagua."

Jirani akamnong'oneza Marlys, "Nilishtaki mimi, dada. Jogoo wako aliniamsha saa kumi na moja."

Jina la Marlys likaitwa. Kila msemaji ana dakika tatu.

"Nilikuja kutetea kuku," alisema. "Lakini leo nimemwita msaliti mtu asiye na kosa..." Hakufika kwenye kuku. Kengele ikalia. Kura: madiwani wanne walikataa sheria ibadilishwe, watatu walikubali.

Nje, Verlin alisema, "Ungewasemea kuku."

"Nisamehe."

"Jumamosi nitawapeleka shambani kwa dada yangu."

"Na sisi?"

"Sijui, Marlys."

Jumapili banda lilikuwa tupu, friji lina mayai mawili. Akapiga simu. Ililia mpaka akakaribia kukata tamaa.

"Haloo."

"Verlin, nina swali moja."

 Nyuma ya Verlin, mbali shambani, Tangawizi akawika.

"Uliza," akasema.