Aliyekivika King'amuzi Glavu

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, mama wa usafi alirudi chumba cha mitambo kuchukua ndoo yake, akamkuta fundi, yule waliyemwita Kidevu, amelala kifudifudi kwenye sakafu mbichi. Gesi ya kugandishia barafu ilikuwa ikivuja kwenye bomba, shiii, na ukutani king'amuzi kilichowekwa kuinusa gesi hiyo na kupiga king'ora kilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Kilikuwa kimevishwa glavu ya mpira.

Mama alimburuta Kidevu kwa miguu mpaka nje. Saa tano fundi alikuwa hospitali, anapumulia mashine. Saa saba, bomba limekwisha kuzibwa na wafanyakazi wote wako uani, mhandisi aliingia kiwandani na hasira zake. King'amuzi kile alikiunda yeye.

"Hii ni hujuma," meneja alimwambia. "Nataka jina kabla ya saa kumi, nilipeleke polisi. Na nikwambie kabisa: kama Kidevu alihusika, kampuni inajitoa kwenye matibabu yake leo hii."

Mhandisi alianza na glavu. Kubwa, ya mkono wa kushoto, ina grisi ndani ya vidole. Mdomo wake ulikuwa umelegea kwa kuvutwavutwa. Chini ya king'amuzi palikuwa na msumari, kichwa chake kinang'aa. Akaandika kwenye daftari: *Haikuvishwa leo tu. Huvikwa, huvuliwa, hutundikwa hapa.* Kitendawili kikamkaa kichwani: nani anayeweza kuficha jambo kila siku mbele ya macho ya watu wote?

Alimwita mlinzi.

"Nasikia wewe na king'ora hamuivi chungu kimoja."

"Nani anaiva nacho, bosi? Kikilia nifungue geti, nitoe watu, nihesabu vichwa. Wiki ya kwanza tulitoka mara kumi na moja. Wapita njia wakatuuliza kama tunafanya mazoezi ya gwaride!"

"Ukaona bora ukizibe."

"Mimi? Kuanzia saa tatu mpaka saa nne na nusu nilikuwa getini na lori la chumvi. Dereva ametia sahihi, hii hapa, tazama."

Sahihi ilikuwepo, na saa zake.

"Na harufu ya gesi hukuisikia?"

"Niliisikia sana. Nikasema, ah, mama anapiga deki."

Mhandisi aliyaandika maneno hayo bila kuyaelewa.

Mama wa usafi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani.

"Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Andika, mwanangu, uende zako."

"Hebu vaa hii, mama."

Mkono wake ulipotelea ndani ya glavu kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake. Glavu zake mwenyewe, nyekundu, ndogo, zilikuwa zinaning'inia kiunoni.

"Hii ina grisi. Ni ya fundi, ni ya Kidevu," mhandisi alisema.

Mama alitazama sakafu. "Yule mtu ana watoto wanne na mapafu yameungua. Ukimwandika yeye, nani atalipia ile mashine? Mimi watanifukuza, watanifunga, sawa. Nina nini cha kupoteza, ufagio?"

"Kwa hiyo alikiziba mwenyewe, kisha akakaa nacho chumba kimoja. Kwa nini?"

Mama alimkagua kuanzia kola hadi viatu. "Baba, unajua kupiga deki?"

Alimwingiza chumba cha mitambo, akampa fimbo ya deki, akamimina kwenye ndoo dawa ya kuondolea mafuta. Ilikuwa kali hata ikamtoa machozi. Mhandisi alivuta deki mara moja, mara mbili. Ya tatu, king'ora kililipuka.

"Kizime!" alipiga kelele.

"Kinazimika wapi? Hukukiwekea swichi! Uliogopa tutakizima!"

Ni kweli. Tena alijisifia jambo hilo mbele ya wenzake.

"Kinanyamaza lini?"

"Harufu ikiisha! Robo saa, nusu saa! Usisimame, mafuta bado, mtu atateleza aingie kwenye mashine!"

Aliendelea. Meno yalimuuma kwa makelele, fikra zikamtawanyika, hakujua hata amesugua wapi na wapi bado. Alipojitambua, alikuwa amesimama ukutani na glavu mkononi, mdomo wa glavu umeshafunika nusu ya king'amuzi.

Aliiachia kama aliyeshika kaa la moto.

Ndipo maneno ya mlinzi yalipomwingia. Dawa na gesi vilinuka karibu sawa. Asubuhi ile bomba lilipasuka deki ilipoisha tu, glavu ikiwa bado juu ya king'amuzi, na kila pua kiwandani, ya Kidevu pia, ilijiambia ni sabuni.

"Hamkumwambia mtu?" aliuliza king'ora kilipotulia.

"Kidevu aliandika mara tatu. Alijibiwa mara moja." Mama alifungua kabati la vifaa na kumwonyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa ndani. *Kifaa hakina kosa. Wafundisheni watumiaji wenu.* Chini, sahihi ya mhandisi mwenyewe. Hakukumbuka hata siku aliyoiandika.

Saa tisa na nusu walikuwa ofisini: meneja mezani, mlinzi dirishani, mama mlangoni.

"Haya, nani?"

"Aliyekivisha glavu ni Kidevu, na msumari aliupiga yeye."

Mama aliushika mwimo wa mlango.

"Lakini mtu unayemtafuta ni mimi," mhandisi aliendelea. "Nilikifunga kifaa siku ya mapumziko, sakafu kavu, hakuna mtu wa kumuuliza. Najua gesi hiyo inavyokwenda hewani, hatua kwa hatua. Kwamba chumba huoshwa kila siku, na kwa dawa gani, sikujua. Walipoandika, niliwaona wajinga. Leo nimekivumilia dakika nne, mkono wangu ukaenda kwenye glavu wenyewe. Yeye amekivumilia miezi minane."

"Ukisaini hivyo, cheti chako cha uhandisi kimekwenda," meneja alisema.

"Kimekwenda. Andika kifaa kilikuwa kibovu. Matibabu hayaguswi."

Akasaini. Meneja aliisoma karatasi mara mbili, akaipiga muhuri, akaifungia kwenye droo.

Nje ya ofisi mama alimfuata. Mhandisi alijikuta anangoja shukrani, akajionea haya kwa kuingoja.

"Sasa kesho saa tatu nina deki," mama alisema. "Hicho kitu chako kitalia. Nifanyeje?"

Mhandisi alitoa daftari lake.

"Sijui, mama. Nitakuja nikuangalie ukifanya kazi. Hata kama kesho sitakuwa mhandisi tena."

Mama alimtazama miguuni. "Njoo na viatu vingine. Hivyo vinateleza."