Nyumba ya Adhiambo Ndani ya Kompyuta

Kunja midomo utakavyo, lakini Phelesia si mtu wa kuzua. Tumeuza mtama pamoja soko la Rodi Kopany tangu tukiwa na meno, na hata uongo wa bei humshinda.

Alimpelekea mjukuu wake Chrispine viazi vitamu, Homa Bay mjini. Kijana huyo huchora majengo ya mchezo wa kompyuta, ule wa watu kujenga miji. Alikuwa amefunga pazia mchana, chumba giza kama tumbo la ng'ombe.

"Dani," Chrispine akamwita bibi yake, "tazama. Hii nimeitoa kwa nyumba ya kweli."

Ilikuwa nyumba ya marehemu Adhiambo, mke mwenza wa Phelesia, aliyekufa kwa mguu uliooza. Kwetu nyumba kama hiyo huachwa ianguke yenyewe, na hakuna anayeikandika tena. Chrispine alikuwa ameisimamisha nzima, na bati jipya.

"Ibomoe. Umemjengea maiti."

"Ni mchezo tu, Dani."

"Basi mlango nani amefungua?"

Chrispine akasogelea kioo cha kompyuta, maana mlango aliuchora ukiwa umefungwa. Akabonyeza aibomoe, nyumba ikabaki. Ndani ya kompyuta kitu kikaburutwa sakafuni, kikapumzika, kikaburutwa tena. Harufu ya ule mguu, ambao Phelesia ndiye aliyekuwa akiuosha, ikajaa chumbani.

Kioo kikaanza kutiririka, Chrispine akakifuta kwa mkono wa shati. Shati likalowa usaha wa manjano, wa moto.

Phelesia akatoka, akafunga mlango. Kijana alibaki ndani akifuta, na kioo hakikauki.