Sina Dai, Alisema Bi Mbeyu

Bi Mbeyu alikuwa mshona makuti katika mji wa Malindi. Kila asubuhi alifagia mbele ya mlango wake. Kisha aliketi juu ya kibao, akakunja majani makavu ya mnazi juu ya ufito na kuyashona kwa kamba nyembamba. Kuti moja likiisha, alianza jingine. Wateja wake walikuwa watu wa mashamba waliotaka kuezeka nyumba zao. Walikuja, wakachagua, wakafunga mizigo yao, wakaenda zao. Siku ambayo mteja hakuja, Bi Mbeyu hakusemeshwa na mtu.

Nakuambia mapema, msomaji wangu, maana mimi sipendi kuzungukazunguka. Mama huyu alikuwa mpweke. Mumewe, Kiponda, alikuwa amekufa miaka minne iliyopita. Binti yake, Sidi, aliolewa Jilore, na huko ana watoto wake na shamba lake. Mwanawe, Kazungu, alikwenda Mombasa kupakua mizigo bandarini. Mvua za masika zilipita mara mbili bila salamu yake hata moja.

Kilichobaki ni nyumba. Kiponda aliijenga kwa miti na udongo, nyuma ya soko, akaiezeka kwa makuti. Mwenye shamba wa zamani alimwonyesha kiwanja mbele ya watu, akamwambia, jenga hapa, ni pako. Karatasi haikuandikwa. Siku hizo neno la mtu mbele ya watu lilitosha. Upande mmoja wa kiwanja ulipakana na ukuta wa mawe wa duka la Bi Rehmat, mjane wa Kihindi aliyeuza sukari, nguo na mafuta ya taa. Pande nyingine tatu zilikuwa na ua wa mnyaa, mmea wa utomvu unaopandwa mipakani. Bi Mbeyu na Bi Rehmat walikuwa majirani kwa miaka kumi na mmoja. Walipoonana njiani waliamkiana. Hujambo, sijambo, basi, kila mtu na njia yake.

Mwaka huo ulikuwa 1912. Siku moja mpiga mbiu wa serikali alipita mitaani na baragumu lake. Alitangaza kwamba mtaa wa nyuma ya soko sasa utakuwa mtaa wa maduka. Nyumba zitakuwa za mawe, au za udongo zilizoezekwa kwa bati. Makuti hayatakubaliwa tena hapo kwa sababu ya moto. Na kila mwenye kiwanja alete dai lake kwa karani wa ardhi. Kiwanja kisicho na dai kitakuwa cha serikali.

Watu wa mtaa walikutana barazani kwa mzee Dena. Walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa ya haki. Walisema bati ni la matajiri. Walisema wakiondolewa hapo, nani atawaonyesha mahali pengine? Mmoja alisema moto kweli ni hatari, jiko moja likilipuka mtaa mzima huungua. Mwingine akamwuliza yeye yuko upande wa nani. Walinung'unika mpaka jua likachwa. Kisha kila mtu akaenda kula. Hakuna hata mmoja aliyesema, kesho twendeni tukaulize. Jamani, watu wazima wale!

Baada ya hapo walianza kuhama. Mzee Dena alikwenda Tezo kulima. Gona akaenda Gongoni kwa wajomba zake. Nyumba zao zilibaki wazi, na mbuzi wakawa wanaingia na kutoka. Bi Mbeyu aliendelea kushona makuti yake. Alijiambia kwamba asiye na ugomvi na mtu hafukuzwi. Wahenga walisema mnyamaa kadumu. Ni kweli, lakini wahenga hawakuwahi kwenda ofisi ya ardhi.

Siku moja karani wa ardhi, aliyekuwa akiwazungukia wasioleta madai, alifika mlangoni kwake. Alikuwa kijana mwenye adabu, na kitabu kikubwa kwapani. Aliamkia, "Shikamoo, mama." Bi Mbeyu akaitika, "Marahaba, mwanangu." Karani akafungua kitabu chake na kumwuliza swali moja.

"Mama, una dai?"

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Bi Mbeyu alilijua neno hilo tangu utoto. Mtu akifa, kabla ya watu kutawanyika matangani, mkubwa wa familia husimama. Huuliza kama kuna mtu mwenye dai na marehemu, yaani jambo lolote kati yao lililobaki moyoni. Watu wema hujibu kwamba hawana. Kusema una dai siku hiyo ni aibu. Hata Kiponda alipozikwa, mtaa mzima ulijibu kwa sauti moja kwamba hauna dai naye, na Bi Mbeyu alilia kwa shukrani. Kwa hiyo alipoulizwa na karani, alijibu kama alivyofundishwa na mama yake.

"Sina dai, mwanangu. Sina dai na mtu yeyote. Namshukuru Mulungu."

Karani alishangaa. Akamwuliza mara ya pili, una hakika? Bi Mbeyu akasema ana hakika, amewasamehe wote, wa karibu na wa mbali. Karani akaandika. Akampa wino, na Bi Mbeyu akaweka alama ya dole gumba. Karani alipoondoka, mama huyu alijiona amefanya jambo jema. Maskini, alifurahi siku nzima.

Wiki tatu zikapita. Wakaja watu wa kupima na minyororo yao ya chuma. Walipima njia, wakapima uwanja, kisha wakapigilia kigingi chenye kitambaa chekundu mbele ya mlango wa Bi Mbeyu, palepale alipozoea kuweka kibao chake. Aliwauliza kwa upole kwa nini wanapigilia kigingi kwake. Mmoja akamjibu kwamba kiwanja hicho hakina mwenyewe. Kimeandikwa hivyo kitabuni.

Bi Mbeyu alikitazama kile kigingi. Hakuking'oa. Alirudi ndani, akaketi sakafuni, na akaona hofu ambayo hakuiona hata siku ya mazishi. Mume alikwenda, watoto walikwenda, majirani walikwenda. Nyumba ikienda, Kazungu akirudi atamkuta wapi?

Alitaka kumwuliza mtu. Akatoka, akapita kwa Dena, kwa Gona, kwa mzee Fondo aliyekufa mwaka jana. Mlango wenye mtu ulikuwa mmoja tu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, Bi Mbeyu alipiga hodi dukani kwa Bi Rehmat bila kununua kitu.

Bi Rehmat alimkaribisha, akampa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho. Habari ilipofika mahali pa sina dai, midomo yake ilicheza kidogo, kama mtu anayetaka kucheka. Lakini hakucheka. Alimwambia kwamba yeye pia alipofiwa na mumewe alikwenda ofisi ileile, na maneno ya pale aliyajifunza kwa taabu.

"Bi Mbeyu, huko ofisini dai si ugomvi," alisema. "Dai ni kusema, hiki ni changu. Wewe ulipowaambia huna dai, waliandika kwamba nyumba si yako."

Bi Mbeyu alishika kichwa. Akauliza kama neno likishaandikwa laweza kufutwa. Bi Rehmat akamweleza polepole. Kitabu hakijafungwa, alisema, zimebaki siku sita. Mtu akikosea hurudi na kusema amekosea. Hahitaji kujua kusoma. Anahitaji kujua mipaka ya kiwanja chake, upande huu nani na upande ule nani. Anahitaji kusema amekaa tangu lini, na alikipata vipi. Na anahitaji shahidi, mtu anayejua kwamba kweli anakaa pale na kupatunza.

"Mashahidi wangu wamehama," alisema Bi Mbeyu.

"Mimi sijahama."

"Lakini wewe hunijui, mama."

Bi Rehmat aliutupia macho ukuta wa upande ule. Alimwambia tu aje kesho asubuhi, waende pamoja.

Asubuhi walikwenda. Bi Rehmat alijitanda shela yake mpaka usoni, maana tangu kufiwa hakuwa mtu wa kutokatoka. Ofisini walimkuta yule karani, na pembeni yake Mzungu mkuu wa hati. Karani ndiye aliyekuwa mkalimani. Alimtambua Bi Mbeyu, akamweleza mkubwa wake kwamba huyu ndiye mama aliyesema hana dai. Mzungu akauliza basi leo amefuata nini.

Bi Mbeyu alisimama.

"Bwana, nilidhani naulizwa kama nina kinyongo na watu," alisema. "Kinyongo sina. Nyumba ninayo."

Karani alitafsiri. Kisha yeye mwenyewe akaona haya, kwa sababu neno lile alilitumia siku nzima mitaani bila kulieleza. Akakiri kwa mkubwa wake kwamba alimwuliza mama kwa mkato. Wakafungua ukurasa mpya. Bi Mbeyu akataja mipaka yake kwa vidole, ukuta wa Bi Rehmat, njia ya sokoni, kwa Dena, kwa Gona. Akataja miaka ishirini. Akataja mwenye shamba aliyempa Kiponda mahali pale. Mzungu akauliza nani anayajua hayo.

Bi Rehmat akasogea mbele. Aliulizwa kama amewahi kuingia katika nyumba ya mama huyu.

"Sijawahi," alisema.

"Basi umejuaje kwamba anakaa humo?"

"Namsikia."

Karani akainua kalamu. Bi Rehmat akaendelea kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu.

"Kila jioni huketi karibu na ukuta wangu, akamweleza mumewe habari za siku. Mumewe amekufa, nami najua. Humwambia ameshona makuti mangapi. Humwambia kijana hajaleta habari. Mwaka jana alimwambia mvua imeng'oa mnyaa wa upande wa njia, na kwamba kesho ataupanda upya. Kesho yake nikasikia jembe."

Bi Mbeyu alijifunika uso kwa leso. Hakujua kwamba kuna mtu alikuwa anasikia. Aliona aibu hata akatamani kutoka mbio. Bi Rehmat akamgeukia yeye sasa, si Mzungu.

"Usione haya, dada yangu. Nami sina wa kuongea naye. Ndiyo maana nasikiliza."

Kisha karani akatafsiri maneno yote, hata hayo ya mwisho. Siku iliyofuata alitumwa kwenda kutazama ua. Aliukuta mnyaa wa upande wa njia ukiwa mfupi na mbichi, na wa pande nyingine mrefu na mkuukuu. Akaandika kwamba aliyepanda ndiye mtunzaji wa mpaka. Ilichukua miezi mingi, na Bi Mbeyu aliitwa mara mbili zaidi, na mara zote mbili Bi Rehmat alifuatana naye. Mwishowe hati ilitoka, ina jina la Mbeyu mke wa marehemu Kiponda. Aliyeng'oa kigingi ni mtu yuleyule aliyekipigilia, na aliomba radhi.

Huko Tezo, mzee Dena alipata habari hizo na kushika kiuno. Kiwanja chake kilikuwa kimeshakuwa duka la mtu. Naye alikaa pale miaka mingi kuliko Bi Mbeyu, ila hakuuliza. Wewe unayesoma hapa, ukisikia mtaa wako unapangwa upya, usihame kwa uvumi. Nenda ukaulize. Usipolielewa neno, sema hulielewi, na usitie dole gumba mpaka ulielewe. Jua mipaka yako na uitunze. Na umjue jirani yako, maana siku ya shida huwezi kumwita shahidi mtu usiyempigia hodi.

Sheria ya makuti haikumwacha Bi Mbeyu. Alipewa mwaka mmoja kubadilisha paa. Bi Rehmat alikuwa na madebe matupu ya mafuta ya taa yaliyorundikana uani. Fundi akayapasua, akayanyoosha, akayapigilia juu ya nyumba. Karani akapita, akasema bati ni bati. Mshona makuti akawa analala chini ya madebe, na wateja wake walimtania kwa hilo. Alicheka nao. Lakini moyoni hakulipenda paa lile. Aliliona geni, na nyumba ikawa kama si ile ya Kiponda.

Mvua ya kwanza ya masika ilikuja alasiri. Chini ya makuti mvua hunong'ona. Juu ya madebe ilipiga kwa kelele hata Bi Mbeyu hakusikia kuti analolishona. Alishuka kwenye kibao, akaketi peke yake karibu na ukuta, akangoja ipungue. Jioni ikaingia, haikupungua.

Mlango ukasukumwa. Bi Rehmat aliingia, shela imelowa, viatu mkononi, anahema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga sakafu ile.

"Leo sikukusikia," alisema. "Nikashikwa na wasiwasi."

"Ni hili paa," alisema Bi Mbeyu. "Nami nilikuwa sijaanza."

Bi Rehmat akavuta kibao, akaketi.

"Basi anza," alisema. "Niambie mimi."