Dawa ya Docteur Emérance

Mlango wa chuma ulibamizwa nyuma yao. Kufuli likafungwa kwa nje.

Lambert alichomoa bastola yake ya Browning. Alikuwa amechelewa.

Asubuhi ile idara ya ujasusi ilikuwa imempa amri moja, kwa jina lake la siri: "Kiboko, linda docteur na dawa yake." Lakini simu ya uongo ilishamwita Docteur Emérance aje kuificha dawa katika chumba cha baridi cha bohari ya samaki, mtaa wa Kikula, mjini Likasi. Lambert alimkimbilia. Sasa wote wawili walikuwa ndani.

"Kiboko anaita Kituo."

Redio ilikoroma tu. Kuta zilikuwa nene mno.

Emérance alikumbatia chupa ya kahawia. Miaka mitatu alitafuta dawa ya uvimbe wa ubongo, ule mkali unaorudi hata baada ya upasuaji. Mzizi kutoka Mulungwishi ulikuwa umeupunguza kwa panya. Dawa yote iliyopatikana ilikuwa mikononi mwake. Na kaka yake, Germain, alikuwa kitandani na uvimbe huohuo.

Sauti ilipita kwenye kidirisha cha kupitishia vikapu, kando ya mlango. Kessler, mlanguzi wa kigeni aliyepiga simu ile.

"Docteur, nipe chupa. Nitafungua."

"Hatafungua," Lambert alinong'ona.

"Minajua." Meno ya Emérance yaligongana. "Vidole yangu haisikie tena kitu."

Lambert naye alikuwa hasikii miguu. Alilitazama bomba la baridi lililopita chini ya kidirisha, kisha akatoa pingu.

"Mupe. Polepole."

Kidirisha kilifunguka. Mkono wa Kessler ukaingia, saa ya Omega ikimeta.

Pingu ililia mara mbili: kifundoni, kisha kwenye bomba.

Kessler alifyatua risasi kupitia kidirisha kwa mkono wa pili. Ikapasua barafu. Emérance alianguka, akiikinga chupa kwa tumbo.

"Docteur?"

"Iko nzima."

Lambert alijibana ukutani. "Ukituua, Kessler, utaganda hapo peke yako. Ufunguo wa pingu iko kwangu. Leta bastola, kisha fungua."

Ngozi ya Kessler ilianza kugandamana na bomba.

Bastola ikadondoka ndani. Kufuli likalia chini ya mkono wake wa pili.

Jua la Likasi liliwachoma machoni. Redio ikaitika.

"Kiboko. Muje mumuchukue Kessler."

"Germain ataipata?" Lambert aliuliza.

Emérance aliitazama chupa. "Haiyajaribiwa kwa muntu. Kama nitamudanganya, miye siko docteur tena. Kesho naanza tena na panya."

Alishika njia ya maabara, chupa kifuani.

Lambert aliwasha sigara ya Belga kwa vidole vilivyokufa ganzi, akavuka barabara bila kugeuka.