Mizani ya Dukani Iliapa Kwamba Sipungui

Nilimfumania kaka yangu wa tumbo moja... si na mwanamke! Nilimfumania amelala chali chini ya mizani ya dukani kwetu, bisibisi mkononi.

Nikabana pumzi nyuma ya magunia.

Kabla hujasema "ah, si anatengeneza tu", ngoja nikupe kisa chote. Ukimaliza utaniambia wewe ungefanyaje.

Mimi ni bonge. Usinionee haya, mtaa mzima unaniita Bonge na naitika. Nina uvimbe tumboni, na daktari aliniambia bila kupepesa macho:

"Mama, kwa kilo mia na tisa sikupasui. Shuka chini ya mia. Nakupa miezi mitatu, na uvimbe haulali."

Miezi mitatu!

Nikaacha soda. Nikaacha vya kukaanga. Nikaacha hata kumalizia sahani za wanangu, na mama yeyote anajua hiyo ni kazi ngumu kiasi gani. Dukani nikawa naenda kwa miguu, nafika nimelowa kama nimemwagiwa ndoo.

Duka ni la nafaka na unga. Kaka ndiye mwenye funguo, mimi ndiye mpimaji. Tuna mizani kubwa ya magunia, yenye mshale, na kila Jumatatu kabla wateja hawajaja nilivua viatu nikapanda.

Mwezi wa kwanza: mia na sita. Nilicheza peke yangu!

Wa pili: mia na saba.

Wa tatu... mia na nane!!

Jamani, nalala na njaa halafu naongezeka?

Kaka alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mdogo wangu, unakula kwa kujificha."

"Haki ya Mungu sili!"

"Basi hewa ndiyo inakunenepesha."

Nililia chooni. Sketi yangu ilikuwa inanivuka, nimeibana kwa pini mbili, lakini nani anaisikiliza sketi? Mimi nilikuwa naamini namba.

Ile mia na nane ilinivunja kabisa. Miadi ya daktari ilikuwa Alhamisi. Jumatano nikamwambia kaka siendi, bora nibaki na uvimbe wangu kuliko kwenda kuaibika. Nikapitia keki, nikala nzima nikiwa nimesimama.

Asubuhi ya Alhamisi nikawahi dukani. Ndipo nikamkuta chini ya mizani.

"Kaka, unafanya nini?"

Akashtuka, akagonga kichwa.

"Naikaza tu, imelegea."

"Toka hapo."

"Wewe vipi..."

"TOKA!"

Nikaburuta gunia la kilo hamsini, bado limeshonwa na kiwanda. Hayo huwa hatuyapimi, tunayauza yalivyo. Tunapima yaliyofunguliwa tu. Nikalipandisha kwenye mizani.

Mshale ukazunguka... ukapita hamsini... ukasimama hamsini na tano.

Tano za bure! Kumbe hata kwangu ilikuwa inaongeza.

"Unanichukia kiasi hiki? Unataka nife?"

Kaka akanitazama kama naongea lugha ngeni.

"Wewe? Nani kakutaja wewe? Hii ni ya wateja! Naigusa kidogo kila mwezi, basi."

"Umeniona nikilia kwa ajili yake ukanyamaza?"

Akaitia bisibisi mfukoni.

Kisha akaenda kusimama katikati ya mlango.

"Sikiliza. Ukisema, watauliza nani alikuwa anapima. Si mimi. Siku zote ni mkono wako."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa moja na nusu ilikuwa imeshapita, na hospitali wanafunga dirisha la kuandikisha saa mbili kamili!

"Kaka, nipishe."

"Mpaka tuelewane."

"Nipishe, au napita na wewe!"

Akaupima mwili wangu kwa macho. Akapisha. Ubonge nao una siku yake.

Nilikimbia. Mimi! Nilifika dirisha likiwa nusu wazi.

"Panda, mama," nesi akasema.

Nikafumba macho.

"Tisini na nane."

"Soma tena!"

"Tisini na nane, mama. Shuka basi, wenzako wanasubiri."

Nilimkumbatia yule nesi hadi kofia ikamdondoka. Daktari akanipa tarehe: Jumatano ijayo!

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini mchana nilirudi dukani.

Mbele ya mizani alikuwa amesimama bibi mmoja anayelea wajukuu watatu peke yake, mteja wetu wa kila wiki. Kaka alikuwa pembeni, ananiangalia mdomo.

"Mwanangu," bibi akasema, "unga umeisha tena kabla ya wiki. Ila sikulaumu. Ulishaniambia wajukuu zangu walafi."

Ni kweli. Nilimwambia hivyo, tena mbele ya watu, huku nacheka.

"Bibi," nikasema, "si walafi. Mizani hii inaiba. Nimekuwa nakupunja."

Kaka akakohoa. Sikugeuka.

Bibi akaishika meza.

"Yule mjukuu wangu mkubwa nilimchapa," akasema polepole. "Nilidhani anauza unga wangu kwa majirani."



Nakuandikia nikiwa kitandani, uvimbe umetoka salama, mshono unauma. Wakaguzi wa vipimo niliwaita mwenyewe na nikawaambia mkono uliopima ni wangu. Kaka hanisalimii hadi leo.

Wewe unayelia juu ya mizani, usikate tamaa kwa sababu ya namba moja. Sikiliza na sketi yako. Kapime na kwingine. Mimi nilisota miezi mitatu kwa kilo za uongo nikajiona ndiye mwenye uchungu duniani... kumbe kuna mtoto alichapwa kwa kilo hizohizo, na aliyezipima ni mimi.