Mashairi ya Sinterklaas na Jino la Wiebe

Kila Desemba, katika shule yetu mjini Sneek, Uholanzi, kila mtoto humwandikia mwenzake shairi la Sinterklaas, sikukuu ya kupeana zawadi. Mwandishi haweki jina, na utani unaruhusiwa. Mwaka huo Jorrit alifungua lake akakuta limemcheka baba yake aliyefungwa gerezani. Alikunja karatasi.

"Hilo la Wiebe," alisema Sietske, mwenzetu wa darasani. "Mimi namjua mtu kwa maneno yake. Lile aliloandika Douwe, asubuhi, si nililipatia?"

Hiyo ikatosha. Kwenye banda la baiskeli, Tjalling, rafiki mkubwa wa Jorrit, alimshika Wiebe mikono kwa nyuma. Jorrit akampiga ngumi ya tumbo, kisha ya mdomo, kisha ya mdomo tena. Jino likaanguka kwenye theluji pamoja na damu.

"Si mimi! Naapa!"

"Mwongo we! Kesho tunakutosa mferejini!"

Mwalimu Afke alijitosa kati yao, akapigwa kiwiko cha jicho, lakini hakumwachia Jorrit.

Asubuhi, jicho likiwa limevimba, mwalimu alitoa kabatini mashairi sita ya mwaka jana, ambayo waandishi wake aliwajua. Alimtajia Sietske majina ya waandishi hao sita, akamwambia aweke kila shairi kwenye dawati la aliyeliandika. Sietske akayapanga. Alipatia moja.

"Mnaona!" alisema kwa majivuno.

"Ngoja. Jorrit, njoo. Fumba macho, upange wewe."

Jorrit alipanga kwa mkono wake uliochubuka. Akapatia moja. Akarudia, hakupatia hata moja. Mara ya tatu, mawili. Mara ya nne, moja tena.

"Bahati tupu, kwa wastani, hupatia moja," mwalimu alisema. "Sietske angepatia manne, ningemsikiliza. Sasa amemshinda nani? Kipofu?"

Sietske aliinama kwa aibu. Jorrit alimtazama Wiebe na pengo lake, machozi yakamlenga.

Ndipo Tjalling alipoanza kulia kwa sauti. "Niliandika mimi. Nilidhani utacheka."

Jorrit alimrukia, akamkaba shingo, akainua ngumi.

"Mwache, Jorrit," Wiebe alisema. "Inauma. Mimi najua."

Ngumi ikashuka taratibu. Jorrit akamwendea Wiebe. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Mmemvunja mtoto jino kwa sababu mwenzenu alipatia mara moja," mwalimu alisema. "Kupatia mara moja si kujua. Mtu akiwaambia anajua, mpimeni kwanza na aliyefumba macho. Jino la Wiebe halitarudi."