Sentensi Bora ya Mwaka

"Kaa huku. Usiingie kwenye picha mpaka nikuite," mchumba wangu aliniambia, akinisogeza kwa ncha za vidole kama mtu anayesogeza kiti.

Nikakaa. Mimi, mwanamke ambaye kazini kwangu hakuna mwanaume anayenipangia hata pa kuweka mkoba. Mapenzi yana mambo yake, na mengine ni ya kipumbavu.

Tulikuwa sebuleni kwa mama yake, mchana, tumetoka kula. Simu yake ilikuwa imefungwa kwenye stuli kwa kibanio cha nywele cha dada yake, stuli ikapandishwa juu ya meza, na yeye akaketi mbele yake amevaa miwani. Macho yake ni mazima kabisa. Ile miwani ina vioo vitupu, aliinunua wiki ileile aliyojipa jina la Profesa wa Sinema. Kazi yake ni kuuza magodoro. Kuuza magodoro si aibu, watu lazima walale. Aibu ni kuongea na kila mtu kana kwamba dunia nzima imelala na wewe peke yako uko macho.

Kila mwisho wa mwaka anarusha mubashara filamu zake tano alizozipenda kuliko zote. Safari hii alikuwa na la ziada.

"Nikimaliza namba moja nakuita," alisema, akijitengeneza kola kwenye kioo cha simu. "Natangaza kwamba tunaoana. Halafu wewe unasema, kwa mdomo wako, kwamba mambo ya studio basi."

"Lazima niseme mbele ya watu?"

"Lazima. Watu wananiheshimu. Siwezi kupigania sinema safi huko nje, halafu ndani kwangu mke wangu ndiye anayeichafua."

Kuichafua maana yake ni kutafsiri. Studio yetu inatafsiri filamu za nje: picha inakwenda, na sauti ya mtu mmoja inaigiza wote, bibi, polisi, mpaka mbwa. Sauti hiyo ni ya Ngurumo, kaka mmoja ana kifua kama pipa. Profesa alijua nafanya kazi pale, ila aliamini kazi yangu ni kuandika anachosema Ngurumo. Ni kinyume chake. Ngurumo hatamki neno ambalo sijaliandika mimi.

"Mama, wewe unaonaje?" nilimuuliza mama mkwe, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi.

"Mimi sinema sizijui, mwanangu. Ila kazi ni kazi."

"Mama, usimpe kichwa," Profesa akamkata.

Mtaniuliza nilikuwa nafanya nini pale. Nilimpenda, niseme wazi nisijitie ujanja. Siku ya kwanza tulitoka kuangalia filamu, akanisindikiza hadi mlangoni kwetu tukibishana, mvua inatunyeshea na hana habari. Akaniuliza, "Wewe ungeimaliza vipi?" Hakuna mwanaume aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nilishamkubali moyoni kabla hajafungua mdomo kunitongoza. Baada ya hapo hakuniuliza tena kitu chochote, na mimi nikakaa miaka nikingoja swali la pili. Ndiyo maana nilikuwa nimeshamuaga Ngurumo. Simu yangu ikatetemeka, ni yeye kaniandikia ujumbe.

"Umeamua kweli?"

"Nimeamua. Natangaza leo."

"Sawa dada yangu. Nitatafuta mwingine, ingawa najua simpati."

Nikaifunika simu kwenye paja. Profesa alikuwa ameshaanza.

"Habari zenu, wapenzi wa sinema ya kweli. Kama wewe ni wa zile za kutafsiriwa, zenye lile lijitu linalobweka juu ya kazi za watu, toka. Nasema toka, sikutanii. Hapa si pako."

Wifi yangu, dada yake, alikuwa amekaa ubavuni mwangu akimtazama kaka yake kwenye simu yake mwenyewe, eti aone watu wanaandika nini.

"Namba tano," Profesa akasema, "ni filamu ya mzee anayemenya kiazi. Haongei. Anamenya tu. Ninyi mngelala. Mimi nililia."

"Alilala," wifi akaninong'oneza. "Nilimfunika shuka mimi."

Namba nne alisema waliomaliza kuiangalia ni wachache na walioielewa ni yeye. Namba tatu aliitaja akatukana walioipenda kwa sababu zisizo zake. Namba mbili ilikuwa *Mvua Juu ya Reli*, na akasema haelezi kitu kuhusu hiyo, kwa kuwa kueleza ni kumpigia mbuzi gitaa. Nikamtazama mwanaume niliyekuwa nakwenda kuzaa naye. Nikajiambia ndoa itamtuliza. Wanawake tunajua kujidanganya.

"Sasa namba moja." Akavua miwani, akaifuta. "*Mke wa Mlinda Daraja*. Kuna pale mezani. Mume anakula, mke amesimama na kitambaa cha vyombo. Yule mwanamke anatamka maneno ambayo mimi nayaita sentensi bora ya mwaka. Nimeyasikia kwa lugha yake ya asili, haijaguswa na mtu. Anasema hivi."

Akafumba macho.

"Unanipenda nikiwa kimya kama picha ya ukutani. Siku nikifungua mdomo, unatafuta ukuta mwingine."

Sauti ikamkatika. Chozi likamtoka, la kweli, likashuka mpaka kwenye ndevu.

"Mwanamke kama huyo," alisema, "ukimpata, unakaa chini unamsikiliza maisha yako yote."

Nilihisi masikio yananiwaka moto. Pale mezani ninapajua nje ndani, maana nilipafanyia kazi mchana kutwa. Yule mke hasemi kitu. Anamtazama mumewe akila, basi. Ila studio kwetu kimya ni adui. Watazamaji wetu wakiona midomo imefungwa muda mrefu wanapiga simu wakilalamika filamu imeharibika, wanataka nyingine. Kwa hiyo mwigizaji akinyamaza, mimi namwandikia cha kusema. Kila anayetafsiri anafanya hivyo, na hakuna anayetangaza.

Na maneno yale sikuyatoa hewani. Nilikuwa nimemwambia yeye, Profesa, kwenye jiko la nyumba hiihii, siku aliyoninyamazisha mbele ya rafiki zake. Nilisimama na sahani mkononi, nikamwambia hivyohivyo, neno kwa neno. Unajua alinijibu nini? Alinijibu, "Umeiona chaja yangu?" Kesho yake nikampa mke wa mlinda daraja maneno yangu. Nilitaka yasikike hata mara moja.

"Ehe, kuna mtu ameuliza," wifi akasema kwa sauti. "Anasema, 'Profesa, mimi nimeiangalia, mbona pale mezani mwanamke haongei kabisa?'"

Profesa akacheka kwa pua. "Huyo ameangalia ya kutafsiriwa. Wamemkatia maneno. Mnaona uchafu ninaousema? Mtoeni."

Simu yangu ikatetemeka tena.

"Dada, namsikiliza mchumba wako. Ile si yako ile?"

"Yangu."

"Nimchane hapo chini?"

"Mwache. Nipo naye."

"Na sasa," Profesa alikuwa akisema, "kuna mtu nataka mumfahamu. Mpenzi, njoo."

Nikainuka. Nilitengeneza gauni, nikakaa ubavuni mwake, tukajaa wote kwenye kioo cha simu. Akaniwekea mkono begani. Mioyo na maua vikaanza kupanda kwenye kioo.

"Huyu ndiye mke wangu mtarajiwa. Na ana jambo anataka kuwaambia. Sema, mama."

"Kwanza nina swali," nikasema. "Yale maneno ya yule mke yamenigusa. Hebu yaseme kwa lugha yake."

"Kwa lugha yake?"

"Si umeyasikia kwa lugha yake? Tusikie na sisi."

Mkono wake begani ukawa mzito. "Haitafsiriki vizuri, mpenzi."

"Sijakuomba utafsiri. Umeshatafsiri. Nakuomba uirudishe ilikotoka."

"Tutaongea baadaye. Waambie lile jambo."

"Nawaambia." Nikageukia simu. "Jamani, aliyeuliza hajakosea. Yule mwanamke pale mezani hasemi kitu. Yale maneno yako kwenye filamu iliyotafsiriwa tu, ile ya Ngurumo, na aliyeyaandika ni mimi. Kwa hiyo Profesa wenu anaangalia zilezile anazowatukania."

"Anaziangalia stoo," wifi akadakia kutoka pale pembeni. "Juu ya magodoro, kaziba masikio kwa spika zake ndogo, anacheka peke yake. Wateja wanajua."

"Njia ya mwongo fupi," mama mkwe akasema, hata macho hajafumbua.

Profesa akaruka kuizima simu. Stuli ikaanguka, simu ikaangukia kioo juu, kwa hiyo watu wake waliendelea kuona dari na kusikia kila kitu mpaka wifi alipoiokota. Hilo sikulipanga, ila sikulisikitikia.

"Umenidhalilisha," alisema. Miwani imekaa upande, na kwa mara ya kwanza nilimwona alivyo, mtu wa kawaida tu aliyeogopa. "Kwa nini usingeniambia faragha?"

"Nilikuambia faragha. Jikoni humo."

"Lini?"

"Siku unatafuta chaja."

Akageukia mlango wa jiko. Nikaona anakumbuka, nikaona inavyomfikia, na hapo, wallahi, kama angenyamaza tu ningemkumbatia. Sikujali amedanganya watu. Watu wenyewe wanapenda kudanganywa. Nilichojali ni kwamba mwanaume huyu alilia kwa maneno yangu, na nilitaka nijue kwa nini hakulia nilipoyasema mimi.

"Sasa ningejuaje?" akasema. "Ulivyosema wewe haikuwa hivyo. Wewe ulikuwa unalalamika. Yule alisema kwa hisia."

"Yule ni Ngurumo. Alikuwa na mafua."

Wifi alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilichukua mkoba wangu, nikamshika mama mkwe mkono kumuaga.

"Nenda salama mwanangu," alisema. "Na kesho ni siku ya kazi, usichelewe."

"Mama, wewe uko upande wa nani?" Profesa akauliza.

"Niko upande wa kochi. Niache nilale."

Njiani nilimpigia Ngurumo, nikamwambia asitafute mtu. Akasema hakuwa ameanza kutafuta.

Siku mbili zikapita, Profesa kimya. Nami niwe mkweli, nilikuwa nalala na simu kifuani. Dharau nilikuwa nayo ya kutosha, ila dharau haizuii mtu kungoja. Siku ya tatu, asubuhi, niko kwenye korido ya studio na chai yangu, akapiga.

"Nimeifuta ile video," alianza.

"Hujambo na wewe."

"Watu wananicheka. Dukani mtu amekuja kuninong'onezea habari za ukutani, hata godoro hakununua."

"Nilidhani umepiga kuniomba msamaha."

"Ndiyo, nakuomba. Samahani. Sasa sikiliza, ungeandika kitu kidogo kwenye ukurasa wangu, kwamba ulikuwa utani wetu wa wachumba. Watakuamini wewe. Halafu na kazi yako sitaigusa tena, fanya tu."

"Na mimi?"

"Wewe umefanyaje?"

"Acha watu wako. Acha ukurasa. Hapa tupo wawili tu." Niliibana simu sikioni mpaka chai ikamwagika vidoleni. "Una nini cha kuniambia mimi? Kitu chochote. Kiwe chako."

Akavuta pumzi. Nikamsikia anatembea, kiatu kinagonga sakafu ya duka, nikasikia mteja anauliza bei na yeye anamwambia subiri. Alimwambia mteja asubiri kwa ajili yangu, na tumaini langu lote likasimama hapo.

"Sikiliza," akasema kwa upole, ule upole wa siku ya mvua. "Wewe maneno unayaweza kuliko mimi. Niandikie unachotaka kusikia. Nitakisema hivyohivyo, sitabadilisha kitu."

Hapo ndipo mapenzi yaliponiisha. Nilisikia kabisa yananitoka, tena bila maumivu niliyokuwa nimejiandalia.

"Mhudumie mteja wako," nikamwambia.

Nikakata. Ngurumo alikuwa ameshawasha maiki ananiita, kuna bibi kwenye filamu mpya anataka kumfukuza mkwewe na hana cha kumwambia. Nikafuta chai vidoleni, nikaingia ndani, nikafunga mlango.